Mpenzi wa Michezo ya Njozi ya Mtu Mmoja: Je, Aingie Mtandaoni?

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mingi nimekuwa nikicheza michezo ya njozi ya mchezaji mmoja kwenye kompyuta, hasa ile yenye ulimwengu mpana kama Skyrim na The Witcher 3. Napenda kusoma kila kitabu ninachokikuta ndani ya mchezo, kuingia kila pango, na kurudi nyuma ili kujaribu uamuzi tofauti na ule wa kwanza. Sasa michezo niliyo nayo nimeimaliza, na kila ninayemwomba ushauri ananiambia niingie kwenye michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa mtandaoni na maelfu ya watu. Sina hamu ya kuzungumza na nisiowajua, sipendi mashindano, na mara kwa mara naitwa katikati ya mchezo kushughulikia mambo ya nyumbani. Je, huko kuna chochote cha kunifaa, au nitapoteza fedha na muda wangu bure? Msomaji apendaye kucheza peke yake.

JIBU: Ndugu msomaji, nakushauri ujaribu, ila usilipe chochote kabla hujaicheza vya kutosha sehemu inayotolewa bure, wala usiingie ukitarajia kukuta Skyrim nyingine iliyoongezewa majirani.

Hofu uliyoitaja kwanza, ya kulazimika kuzungumza na wageni, ndiyo ndogo kuliko zote. Ilikuwa na msingi zamani: katika EverQuest, mchezo uliotoka mwaka 1999, wahusika wa aina nyingi hawakuweza kusonga mbele bila kundi, na mtu mpole asiyejua kuomba nafasi angeweza kukaa jioni nzima akisubiri kualikwa. World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004 iliwatengenezea wachezaji njia ya kupanda viwango kwa kufuata misheni mtu akiwa peke yake, na michezo mingi iliyofuata ikaiga. Leo unaweza kuifunga sehemu ya gumzo, ukakataa mialiko yote ya vyama, yaani makundi ya kudumu ya wachezaji, ukamzuia msumbufu asikufikie tena, na usimwandikie mtu hata neno moja kwa miezi. Mapigano kati ya wachezaji nayo, katika michezo nitakayokupendekezea, yametengewa maeneo yake au hufanyika kwa ridhaa ya pande zote mbili.

Kinachowashinda watu wa aina yako ni kingine kabisa, nacho ni kwamba ulimwengu wa mtandaoni si mali yako. Fikiria umemaliza misheni ndefu, mfalme amekuinamia na kukutangaza kuwa ndiwe mteule wa pekee aliyetabiriwa, kisha unatoka nje ya ikulu na kukuta wateule wengine ishirini wakipanga foleni mbele ya mfanyabiashara yuleyule, mmoja wao akirukaruka juu ya paa akiwa nusu uchi, na jina lake ni mzaha ambao hauwezi kuchapishwa hapa. Kijiji ulichokiokoa asubuhi kinawaka moto tena jioni, kwa sababu mchezaji anayekuja nyuma yako naye anastahili kukikuta kikiwaka. Watengenezaji wana hila ya kupunguza kasoro hii: mahali pamoja huonekana tofauti kwa kila mchezaji kulingana na alipofika katika hadithi, hivyo wewe ukaona nyumba zimejengwa upya huku mwenzako aliyesimama palepale akiona majivu. Hila hiyo inasaidia, lakini haiwezi kukupa ulimwengu unaobeba alama za maamuzi yako jinsi ulivyozoea.

Hapo ndipo ile tabia yako ya kurudi nyuma itakapopata pigo. Katika mchezo wa mtu mmoja unahifadhi ulipofika kabla ya kumjibu mchawi, unamjibu kwa kiburi, unaona matokeo, kisha unarudi na kumjibu kwa adabu. Mtandaoni kumbukumbu ya mhusika wako hukaa kwenye seva za kampuni na huandikwa papo hapo. Ukishajibu umeshajibu, na njia ya kuona upande wa pili ni kuunda mhusika mpya na kuianza safari upya. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa zuri kwa sababu linaupa uamuzi uzito. Mimi nadhani kwa msomaji kama wewe ni hasara halisi, na ni afadhali uijue kabla ya kuingia.

Suala la kuitwa katikati ya mchezo lina majibu mawili. Ukiwa mjini au porini peke yako, huwezi kuusimamisha ulimwengu, lakini ukiondoka ghafla na mhusika wako akauawa na mbwa mwitu, gharama yake ni ndogo: atafufuka karibu na hapo, pengine akiwa na mavazi yanayohitaji matengenezo. Matatizo huanza ndani ya mapango yanayochezwa na kundi. Kwa kawaida kundi dogo huwa na watu wanne au watano, yaani mlinzi anayepokea mapigo, mponyaji, na washambuliaji, na mmoja wao akiondoka wengine hukwama. Zaidi ya hapo, wenzako huenda wamelipita pango hilo mara mia. Mlinzi atakimbia mbele bila kugeuka, na wewe uliyesimama kutazama mchoro ukutani, au kuangalia onyesho fupi la hadithi ambalo wengine wamelikatisha kwa kubonyeza kitufe, utafika na kukuta bosi, yaani adui mkuu wa pango, ameshalala chini. Hakuna aliyekukosea, kwa maana wao wamekuja kuchukua zawadi na wewe umekuja kusikiliza hadithi.

Bahati nzuri ni kwamba jambo hili limeanza kupatiwa dawa. Final Fantasy XIV ilipanua mwaka 2022 utaratibu unaomwezesha mchezaji kuingia katika mapango ya hadithi kuu akiwa na wenzake wanaoongozwa na kompyuta, na World of Warcraft ikaleta utaratibu unaofanana na huo kwa baadhi ya mapango yake mwanzoni mwa mwaka 2024. Wenzako hawa hawana haraka. Ukisimama wanasimama, ukitaka kusoma maandishi ya ukutani wanakusubiri, na ukiitwa nyumbani kabla hujaanza pambano hakuna atakayenung'unika.

Kwa sababu hiyo, mchezo ambao ningekuanzishia ni Final Fantasy XIV, na si kwa ajili ya wenzake wa kompyuta peke yao. Jaribio lake la bure halina kikomo cha siku, na linakuwezesha kucheza mchezo wa msingi pamoja na nyongeza zake mbili za kwanza, yaani sehemu kubwa za hadithi zilizoongezwa baadaye, hadi kiwango cha 70, kiasi cha hadithi kinachoweza kukutosha kwa miezi mingi. Ulivyo uzio wa jaribio hilo ni kana kwamba uliwekwa kwa ajili yako: huwezi kujiunga na chama, huwezi kuanzisha gumzo la faragha na mtu, huwezi kupiga kelele zisikike eneo zima, huwezi kununua wala kuuza katika soko la wachezaji, na mkoba wako haupokei zaidi ya sarafu 300,000 za mchezo. Mtu anayependa umati ataviona vizuizi hivi kuwa gereza. Wewe, nadhani, utaviona kuwa ukimya. Angalia tu kwamba ukishanunua mchezo kamili kwa akaunti ile, hakuna kurudi kwenye jaribio la bure, kwa hiyo usiwe na pupa. Ujue pia kwamba mwanzo wake ni wa polepole sana, hata baada ya watengenezaji kuupunguza mwaka 2020, na kwamba baadhi ya mapambano ya watu wanane katika hadithi kuu bado yanahitaji watu halisi. Utapangiwa wenzako na mchezo wenyewe, mtapigana kwa dakika chache, na kila mtu atakwenda zake.

Kama unachokitamani zaidi ni ulimwengu wenyewe wa Skyrim, yaani bara la Tamriel, basi The Elder Scrolls Online, iliyotoka mwaka 2014, itakufaa. Matukio yake hutokea takriban miaka elfu moja kabla ya yale ya Skyrim, vitabu vya kusoma vimejaa kila pembe, wahusika wanazungumza kwa sauti, na tangu mwaka 2016 nguvu za maadui hulinganishwa na zako popote uendapo, kwa hiyo unaweza kuanza na nchi yoyote na kufuata hadithi kwa mpangilio unaoupenda. Ada ya mwezi si lazima, ingawa mchezo wa msingi hununuliwa. Kasoro yake kubwa kwa mchezaji mzoefu ni wepesi. Maadui wa porini huanguka kabla hujapata muda wa kuwaogopa, na bosi uliyetishiwa naye kwa saa nzima ya mazungumzo huweza kufa kwa mapigo machache. Ukiucheza kama msomaji, utaufurahia. Ukitafuta pambano litakalokutoa jasho, mara nyingi itabidi uingie mapango ya makundi, na hapo tumerudi kwenye shida ileile.

Guild Wars 2 ya mwaka 2012 nitaitaja kwa sababu moja tu. Mchezo huu umepangwa ili mgeni anayekukaribia porini asiwe tishio: mkishambulia adui mmoja, kila aliyeshiriki hupata zawadi yake, na mti alioukata mwenzako bado unakungoja wewe. Unaweza kuwasaidia watu kumi kumwangusha jitu na kuendelea na safari yako bila kusalimiana, na wengi huanza kuupenda uwepo wa wengine kwa njia hiyo. Mchezo wa msingi unapatikana bure ukiwa na vizuizi kadhaa, na hauna ada ya mwezi.

Kuhusu fedha, ada ya mwezi huwa na madhara ambayo hayaonekani kwenye bei. Mtu aliyelipa hujiona ana deni la kucheza, na michezo hii imeundwa kwa ustadi ili deni hilo lisilipike: kuna zawadi ya kuingia kila siku, misheni za kila siku, na mapambo yanayouzwa kwa msimu mmoja kisha yakaondolewa. Ukijikuta unaingia ili usipitwe na zawadi wala hukumbuki hadithi ilifikia wapi, sitisha malipo mwezi huo huo. Kwa kawaida mhusika wako hafutwi kwa kukosa kulipa, na utamkuta ulipomwacha. Linalomfuta ni kufungwa kwa seva, na hilo hutokea: City of Heroes ilifungwa mwaka 2012 na WildStar mwaka 2018, na waliokuwa wamenunua hawakubaki na nakala wanayoweza kuicheza peke yao. City of Heroes ilifufuliwa na wapenzi wake, ambao mwaka 2024 walipewa leseni rasmi, lakini hiyo ni nadra. Kwa hiyo usiifute ile michezo yako ya zamani, hata kama baadhi ya hii mipya itakudai gigabaiti 100 au zaidi za nafasi.

SWALI: Mimi pia nimezoea kucheza peke yangu, lakini nina rafiki aliye na uzoefu wa miaka mingi mtandaoni, naye anataka anishike mkono nianze naye. Je, nikubali?

JIBU: Kubali, lakini siyo kwa mhusika wako wa kwanza. Rafiki wa aina hii humpenda mgeni wake kwa namna inayomharibia safari: atakupa upanga bora siku ya kwanza, atawaua maadui kabla hujawafikia, na atakwambia uruke mazungumzo kwa sababu utamu uko mbele, katika viwango vya juu. Huenda kwake uko huko kweli. Kwako wewe unayefuata hadithi, utamu uko katika yale anayotaka uyaruke. Unda wahusika wawili: mmoja wa kucheza na rafiki yako siku mtakazopatana, na mwingine wa kusafiri naye polepole ukiwa peke yako, ambaye rafiki yako hana haja ya kujua hata jina lake. Katika mchezo kama The Elder Scrolls Online tofauti ya viwango kati yenu haitawazuia kutembea pamoja porini, hivyo hutalazimika kukimbia ili umfikie. Akikuuliza mbona unachelewa kupanda, mwambie bado unasoma.