Kijiko cha fedha na uyoga wa kichuguuni

SWALI: Kila masika yanapokolea, mavyaa wangu huokota uyoga mweupe kando ya kichuguu, akauchemsha na kijiko cha fedha, kijiko kisipogeuka rangi, tunaula. Je, njia hiyo ni salama?
Mkaza mwana, Gede, Malindi

JIBU: Mavyaa wako tunamheshimu, lakini kijiko chake hakijui lolote, kwa kuwa sumu za uyoga hazibadilishi rangi ya fedha, na iliyo kali zaidi haiondoki hata uyoga ukipikwa. Penye matumaini ni hapo kichuguuni. Uyoga wa mchwa huota juu ya kuvu ambayo mchwa huilima chini ya ardhi, na ukiufukua taratibu badala ya kuung'oa, utaona shina lake likishuka kama mzizi mrefu. Kofia nayo huwa na kichomozo katikati. (Ukiungwa kwa tui zito, hushindana na kuku.)

Ule wa kwenye nyasi za uani usiutie chunguni. Mmojawapo ni mweupe na mnene, wa kutamanisha, ila kofia yake ikilazwa juu ya karatasi nyeupe usiku kucha huacha vumbi la kijani, ilhali wa mchwa huacha la waridi hafifu.

Kuonja hakusaidii, maana uyoga unaoharibu ini huweza kuwa na ladha nzuri, na matapiko yake huanza baada ya saa 6 au zaidi. Anayetapika apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe.