Vitabu vya kazi na biashara: maswali ya wasomaji wa Kigoma

Nimepandishwa cheo. Nasimamia maofisa mikopo ambao juzi tulikuwa sawa. Nianze na kitabu gani? (Kasulu)

Hongera, na pole. Anza na *High Output Management* cha Andrew Grove, mzaliwa wa Hungaria aliyeiongoza Intel, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta. Kilitoka 1983 na mifano mingine imechakaa, ila hoja kuu ingali kali: meneja hupimwa kwa kile timu yake inachozalisha, si kwa wingi wa mafaili aliyomaliza mwenyewe. Utashawishika kuendelea kufukuzana na wadaiwa sugu, maana ndiyo kazi uliyoizoea. Soma hasa anapoeleza vikao vya meneja na mfanyakazi mmoja mmoja. Anasema kikao hicho ni cha mfanyakazi. Yeye ndiye anayepanga ya kuzungumza, bosi asikilize na kuuliza. Kwenye ofisi zetu, ambako ukiitwa na bosi unaanza kuwazia barua ya kujieleza, hayo ni mapinduzi.

Nanunua na kuanika dagaa Kibirizi, nina vibarua. Vitabu hivi vinanihusu kweli?

Vinakuhusu, dada, tena kimoja utakifurahia: *The Goal* cha Eliyahu Goldratt, cha 1984. Ni riwaya. Meneja amepewa miezi mitatu kunusuru kiwanda kisifungwe, naye anagundua kwamba kiwanda kizima hakiwezi kuipita kasi ya hatua yake moja iliyo nzito kuliko zote. Saa ikipotea hapo, imepotea kiwanda kizima. Ukiharakisha kwingine, unarundika mali tu.

Sasa jiulize, masika unakwama wapi? Kama ni chanja, basi kununua dagaa zaidi alfajiri ni kununua uozo. Ongeza chanja na maturubai kwanza. Ukishapata nafasi ya kuanika, huenda mkwamo ukahamia kwenye lori, nawe uufuate huko huko.

Good to Great bado kinafaa?

Kwa tahadhari. Jim Collins (2001) alisifu kampuni 11. Mwaka 2008 mbili kati ya hizo zilianguka: Circuit City ilifilisika, na Fannie Mae ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali ya Marekani. Sura ya kiongozi mnyenyekevu inatosha.

Kiingereza changu hakifiki kitabu kizima.

Wengi watakupa *The Richest Man in Babylon* cha George Clason (1926) kwa kuwa ni kifupi. Usidanganyike, Kiingereza chake ni cha kizamani makusudi. Kiini chake ni hiki: tenga sehemu ya kumi ya kipato kabla hujatumia. Mimi ningekupa *The Goal*, maana ni mazungumzo matupu. Kaa na mwanao wa sekondari msome pamoja. Pia pita SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uulizie mafunzo ya wajasiriamali.

Navipata wapi?

Agiza Dar, vije kwa basi au treni. Ukinunua nakala ya kudurufu mtaani, hesabu kurasa kabla ya kutoa hela.