Muulize Shangazi: "Mume wangu ana mtoto wa nje, kwa hiyo mbovu ni mimi?"

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, huu ni mwaka wa nne wa ndoa na sijawahi kushika mimba. Mume wangu alizaa na mwanamke mwingine kabla hatujaoana, mtoto ana miaka tisa, basi ukweni wote wanasema yeye mzima, mbovu ni mimi. Mama mkwe amenizungusha kwa waganga, nimekunywa dawa za kusafisha kizazi mpaka nikatapika. Sasa kuna kliniki wamenibonyeza tumbo wakasema mirija imeziba, nitafute pesa ya upasuaji. Nikimwambia mume wangu naye akapime, anajibu, "Mimi nilishajipima kwa mwanangu." Nifanyeje?
*Mke wa Mtu, Muheza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo pesa ya upasuaji usiitafute kwanza. Mirija haijulikani kuwa imeziba kwa kubonyezwa tumbo, na hata ultrasaundi ya kawaida haitoshi kuthibitisha. Kuna kipimo chake: hedhi ikishakatika, kabla yai halijapevuka, wanapitisha dawa ya rangi kwenye shingo ya kizazi huku wanapiga eksirei. Mirija ikiwa wazi, dawa inaonekana ikipita na kumwagikia tumboni upande wa pili. Inauma kidogo kama maumivu ya hedhi. Daktari anayetaka kukupasua akuonyeshe kwanza picha hiyo.

Tuje kwa mumeo. Mbegu za mwanamume huumbwa upya kila uchao, na mbegu moja huchukua kama miezi miwili na nusu mpaka ikomae. Mtoto wa miaka tisa anatuambia habari za wakati ule tu. Tangu hapo huenda baba mtu alipata kisonono akakitibu nusunusu, huenda mishipa ya korodani imevimba, huenda anachoma sindano za homoni za kujenga kifua, maana siku hizi zimejaa kwenye majumba ya mazoezi. Sisemi tatizo ni lake. Nasema hakuna aliyempima. Kati ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu mwanamume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe.

Kabla ya ukurasa huu nilikuwa nahoji kina mama kwenye tafiti za uzazi, nyumba kwa nyumba, dodoso mkononi. Umezaa wangapi, wangapi wako hai, wa mwisho alizaliwa mwezi gani. Mwenye watoto sita tulikaa naye mkekani mpaka chai ikapoa. Akitokea asiyezaa, pembeni ya swali pana mshale: ruka, nenda sehemu nyingine. Ndivyo tunavyojua kwamba mwaka 2022 mwanamke wa Tanzania alikadiriwa kuzaa watoto 4.8, mpaka na nukta yake, na yule wa mshale tukaaga haraka. Lakini ndiye aliyekuwa akinisindikiza mpaka barabarani, karatasi zimeshaingia mkobani, ndipo anauliza kwa sauti ya chini alichotaka kuulizwa. Na mumewe? Amekaa barazani, hakuna aliyemgusa. Watafiti Marida Hollos na Ulla Larsen wao walikaa na wanawake wa Moshi mjini, waliozaa na wasiozaa, wakachapisha mwaka 2008 jinsi umama unavyoamua heshima ya mwanamke mtaani na uzito wa ndoa yake. Mama mkwe wako angejitambua humo bila kutajwa.

Kwa hiyo nendeni wote wawili, siku moja, mfunguliwe mafaili siku moja. Usimwambie "ukapime", mwambie "tukapime". Akikaza shingo, tafuta shemeji anayemsikiliza au daktari mwanamume azungumze naye faragha. Mama yake asihusishwe kabisa. Kipimo cha mbegu ndicho chepesi kuliko vyote, hakina kisu wala sindano. Ajizuie tendo siku mbili hadi saba, atumie chombo cha maabara (si kondomu ya dukani, ina dawa zinazoua mbegu), na sampuli ifike ndani ya saa moja bila kupata baridi. Jibu likiwa baya, kirudiwe kabla ya kutoa hukumu.

Dawa za kusafisha kizazi ziache leo. Kizazi hujisafisha chenyewe kila mwezi.

SWALI: Assalaam alaykum Shangazi. Mimi na mke wangu tumeshauriwa upandikizaji wa mimba. Kaka yangu anasema ni haramu moja kwa moja. Tuko Mombasa.
*Baba Mtarajiwa*

JIBU: Waalaykum salaam. Mtoto wa kwanza wa njia hii ya kukutanisha yai na mbegu maabara, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na kufikia 1980 Misri ilikuwa imeshatoa fatwa: inaruhusiwa mbegu ikiwa ya mume, yai la mke, na ndoa yao ipo. Asiingie mtu wa tatu. Msimamo huo ndio ulioenea kwa Sunni. Kwa Shia, Ayatollah Khamenei wa Iran alifungua mlango wa kuchangiwa mbegu au yai la mtu mwingine mwaka 1999, ndiyo maana utasikia kauli mbili. Mpeleke kaka yako kwa sheikh aliyesoma mambo haya, msibishane sebuleni.

Mwanaanthropolojia Marcia Inhorn, aliyewahoji wenye shida hii Misri, Lebanon na Imarati kwa miaka mingi, ameandika kwamba wanaume wengi hofu yao ni maabara kuchanganya mbegu, nasaba ikapotea. Hofu hiyo ni halali, iulizeni waziwazi: chombo kinaandikwaje jina, nani anahakiki, nani wa pili anashuhudia. Huko kwenu Kenya watoto wa kwanza wa upandikizaji walizaliwa Nairobi mwaka 2006, kwa hiyo hamwendi kujaribiwa. Ulizeni pia wamefanikisha wangapi wa umri wa mkeo, maana wastani wa jumla unaficha mengi, na kama bei waliyotaja ina sindano za homoni ndani yake. Mara nyingi haina.

SWALI: Shangazi, nikilala miguu juu ukutani baada ya tendo, ni kweli mbegu hazimwagiki? Nina miaka 38, tunajaribu mwezi wa saba sasa.
*Wa Tabora*

JIBU: Zinazohitajika hupenya shingo ya kizazi ndani ya dakika chache, zinazomwagika hazina kazi. Lala unavyotaka. Lililonishtua ni umri: ule mwaka mzima wa kujaribu kabla ya kwenda kupimwa, unaoshauriwa, ni wa walio chini ya 35. Kwako ni miezi sita, nayo imeshapita. Nenda wiki hii, na mumeo.