Muulize anaogopa nini kabla hujaandika ahadi

Wiki tatu kabla ya harusi yangu nilikwenda kumsomea mama msimamizi wangu ahadi nilizokuwa nimeandika. Tulikaa nyuma ya nyumba yake, Morogoro, anachambua mchele kwa ajili ya chakula cha jioni. Nilikuwa nimejaza ukurasa mzima: wewe ni jua langu, wewe ni pumzi yangu, bila wewe mimi si kitu. Mengine nilikuwa nimeyaokota mtandaoni na kuyageuza Kiswahili. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia magotini, kisha akasema, "Mazuri, mwanangu. Sasa Jumatatu mkiamka, utamfanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na kile kikaratasi mkononi nikijiona mtupu kabisa.

Tangu wakati huo nimesimamia ndoa mbili na kukaa na wadogo zangu kadhaa wakihangaika na kalamu zao. Kila mara naanzia kwenye swali lile la mama msimamizi. "Nakupenda" ni habari njema, na isemwe, lakini ukishaisema mwenzako hana cha kukudai. Wazee walisema ahadi ni deni, nami nalichukua neno hilo kama lilivyo. Deni lina kiasi na lina mwenye kulidai. Ahadi ambayo mwenzako hawezi kuja nayo siku moja akakwambia "uliniahidi hiki, mbona sikioni" bado haijaandikwa.

Kama mnafungia ndoa kanisani, anzeni na maneno mliyopewa kabla ya kutafuta ya kwenu. Sisi ni Wakatoliki, na kwetu maneno ya kuwekeana agano hayaongezwi wala hayapunguzwi: "Nakupokea uwe mume wangu. Naahidi kuwa mwaminifu kwako, katika taabu na raha, katika magonjwa na afya. Nitakupenda na kukuheshimu siku zote za maisha yangu." Paroko alitueleza kwa upole kwamba hapo hakuna mahali pa kuchomeka shairi; ya kwetu tungeyasema baadaye ukumbini. Tulichoruhusiwa kuchagua ni namna ya kuyasema. Mnaweza kuyatamka wenyewe mkiwa mmeshikana mkono wa kuume, au padri akawauliza kwa maneno hayo hayo nanyi mkajibu. Sisi tulitamka wenyewe. Kama wewe ni mtu wa kukaukiwa sauti mbele ya watu, chagua kuulizwa na usione haya. Ndoa ni ile ile.

Myajifunze kwa moyo, tena kutoka kwenye kitabu cha parokia yenu. Nimeona bwana harusi aliyefanya mazoezi kwa video za mtandaoni, akafika altareni anatafuta sentensi ya "mpaka kifo kitutenganishe" ambayo katika maneno yetu haimo. Sisi tunasema "siku zote za maisha yangu". Walutheri na Waanglikana wana maneno yao, na huko kifo kinatajwa. Mwombeni mchungaji nakala mapema.

Katekista aliyetufundisha alituonyesha jambo ambalo sikuwahi kulisikia licha ya harusi zote nilizohudhuria tangu utotoni. Angalieni mpangilio, alisema. Taabu inatajwa kabla ya raha. Magonjwa yanatajwa kabla ya afya. Alituacha kimya kidogo, kisha akatutaka kila mmoja amwambie mwenzake taabu moja anayoiona inakuja. Mwenzangu akasema mama yake anazeeka peke yake Bukoba. Mimi nikasema kazi yangu ni ya mkataba na unaisha Desemba. Hatukuwa tumezungumza hayo hata mara moja, na kadi za mchango zilikuwa zimeshasambazwa.

Hapo ndipo nilipoelewa nianzie wapi.

Jioni ile tukiwa tunarudi nilimuuliza, "Unaogopa nini kwangu?" Alifikiri nauliza kama ananiogopa. Nikamfafanulia: tukishaoana, kitu gani nikikufanya kitakuvunja? Tulitembea mpaka stendi ya daladala hajajibu. Halafu akaniambia habari za baba yake, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa. Alikuwa akiondoka kwenda Kongo na miezi inapita bila neno, na mama akiulizwa na watoto anasema tu atakuja. Mwenzangu alikua akisikiliza mlio wa lori. "Kunyamaziwa," akasema. "Nikinyamaziwa nahisi mtu ameshaondoka."

Sasa mimi nimetoka nyumba ya watu wanaonuna. Mama yangu aliweza kununa wiki nzima, anapika, anafua, anakutengea chakula, na neno hakupi. Nami nilikuwa nimeanza kuwa hivyo hivyo, na wala sikuona ni kosa, kwa sababu sipigi kelele wala situkani. Mtu niliyetaka kumwambia yeye ni jua langu, kumbe nilikuwa na uwezo wa kumuumiza kwa kukaa kimya tu.

Hofu yangu mimi ilikuwa nyingine. Baba alipofariki, siku ya tatu ya msiba walianza kuja watu tusiowajua na karatasi za madeni. Mama hakuwa na habari hata ya moja. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunga kanga kichwani, anapokea karatasi moja baada ya nyingine na kuzipanga chini ya mguu wake zisipeperuke. Nilikuwa na miaka 17. Nilimweleza mwenzangu kwamba umaskini siuogopi, ninachoogopa ni kuja kupangiwa karatasi zile.

Ahadi zetu za ukumbini zilitoka huko. Sehemu kubwa ya yangu ilikuwa shukrani, kwake na kwa mama yake, lakini kiini kilikuwa sentensi hizi mbili: "Nikiwa na hasira nitakwambia kwamba nina hasira, na nitakwambia lini nitakuwa tayari kuzungumza. Sitakuacha ukisubiri bila kujua." Yake ilikuwa fupi kuliko yangu: "Sitakopa shilingi bila wewe kujua, na hakuna karatasi ya nyumba hii itakayofichwa kwako." Baadhi ya wageni waliguna kidogo, walitarajia maneno matamu. Mama yangu hakuguna. Aliinamisha kichwa, na shangazi aliyekaa pembeni yake akamshika mkono.

Kwa hiyo kaeni chini mkiwa wawili, bila kamati wala simu, muulizane. Msijibu kwa haraka. Mtu akikwambia "siogopi chochote", mpe siku mbili. Ukishapata hofu yake, andika tendo moja linaloijibu, dogo kiasi kwamba unaweza kulifanya hata siku umechoka. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwani *nita-* na *sita-* ni wazi, hazina mlango wa nyuma. Ukijikuta unaandika "nitajitahidi" au "nitajaribu", jiulize kama kweli uko tayari kwa ahadi hiyo. Kama hauko tayari, iache, tafuta nyingine ambayo unaiweza. Ni heshima kubwa zaidi kuahidi kidogo na kukitimiza.

Jambo moja naomba mnisikilize sana. Msiahidiane watoto. Nimekaa kwenye ukumbi ambao bibi harusi alishika kipaza sauti akamwahidi mumewe mapacha, ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele, mawifi wakasimama. Ilikuwa furaha tupu. Miaka minne baadaye nilikuwa naye kwenye foleni ya kliniki ya Dar es Salaam, naye ananiambia kwamba kila akienda kwa wakwe zake yupo mtu wa kumkumbusha yale mapacha, tena kwa kucheka. Alijitungia mwenyewe fimbo, na hakuwa na kosa lolote, hakuna aliyemtahadharisha. Angalieni hata Kanisa linavyouliza kabla ya ndoa: mko tayari kupokea watoto mtakaojaliwa na Mungu? Linawauliza utayari wa kupokea, basi. Halimdai mtu kitu kisichokuwa mkononi mwake. Afya msiahidiane, utajiri msiahidiane. Ahidianeni mtakavyotendeana vikiwepo na visipokuwepo.

Na msiwaahidie wengine. Usiseme "familia yetu itakupokea kama binti yetu" ikiwa mama yako hajaamua hivyo. Sema utakachofanya wewe siku mama yako atakapokuwa mkali kwa mkeo. Mambo ya chumbani yaacheni chumbani, wakwe wamekaa meza ya mbele. Ya wachumba wa zamani msiyaguse kabisa, hata kwa kusifia kwamba huyu amewashinda.

Wanaofunga ndoa ya bomani wana nafasi zaidi ya kupanga maneno, lakini muda wa msajili ni mfupi na nyuma yenu kuna wengine wanasubiri. Muulizeni mnapopeleka taarifa ya kusudio la kuoana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa hiyo itolewe angalau siku 21 kabla, na mimi nawashauri vijana wote, wa bomani na wa kanisani, wazifanye siku hizo 21 kuwa za kuandika, badala ya kuiachia kazi hiyo usiku wa kuamkia harusi wakati nyumba imejaa wageni. Tena sheria yetu inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Someni yenu imeandikwa ipi kabla ya kusaini, maana saini ile nayo ni ahadi.

Ndugu zetu Waislamu hawabadilishani viapo kama sisi. Walii anaozesha, bwana harusi anakubali, mashahidi wanasikia, mahari yanatajwa. Lakini yaliyomo moyoni yana njia zake. Jirani yangu alitaka kumaliza chuo baada ya kuolewa. Walizungumza na shehe mapema, likawekwa kama sharti mbele ya wazee wa pande zote mbili. Niliona ni ahadi nzuri kuliko nyingi nilizozisikia ukumbini: inajulikana, ina mashahidi, na ilitoka kwenye hofu yake halisi ya kukatishwa masomo.

Sasa kuhusu kuzisoma. Kama ni ukumbini, mwambieni MC ziwe baada ya utambulisho na kabla ya keki. Watu wakishaanza kula hamtasikika. Mwombeni azime muziki kabisa na asiongeze neno kati ya ahadi ya kwanza na ya pili, kwa sababu MC wengi, kwa nia njema, hupenda kuchombeza. Andika kwenye nusu karatasi kwa herufi kubwa. Simu haifai: kioo kinazima katikati ya sentensi, na ujumbe wa hongera unaingia juu ya maneno yako. Karatasi akae nayo bestimani au matroni, akupe wakati ukifika, nawe ubaki na mkono mmoja wa kumshika mwenzako. Maneno kama 150 yanatosha. Yasome kwa sauti nyumbani mara nyingi kiasi kwamba machozi ya kwanza yanaishia jikoni kwako.

Kama wazee wa upande mmoja wanaelewa zaidi kilugha, sema sentensi moja kwa lugha yao. Mwenzangu alisema yake kwa Kihaya, akimgeukia mama yake. Sikuielewa siku ile na hakunitafsiria mpaka tulipofika nyumbani. Hiyo naiweka moyoni mwangu.

Kuna wanaoniuliza kama ahadi za namna hii hazipunguzi utamu wa siku. Naweza kuwaeleza yaliyonikuta tu. Mwaka wa sita wa ndoa, biashara zilikuwa zimelala, mdogo wake mwenzangu akahitaji pikipiki ya kuanzia maisha. Mwenzangu alirudi jioni na fomu ya mkopo ya SACCOS yao. Hakuwa ameisaini. Aliifungua mezani, akaweka kalamu juu yake, akasema, "Nilikuahidi." Niliisoma kiasi, nikasoma riba, nikahisi kifua kinabana. Nilitaka kuinuka niende jikoni nianze kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa, kama mama alivyokuwa akifanya. Nilikaa. Nikamwambia, "Nina hasira. Kesho baada ya chakula cha usiku nitakuwa tayari tuzungumze."

Akaikunja fomu mara mbili, akaiweka chini ya kopo la chumvi. Ilikaa pale usiku kucha na mchana wa pili wote, haijasainiwa, mpaka tulipomaliza kula nikaitoa mwenyewe.