Usiiloweshe hiyo stempu: ushauri kwa anayetaka kupeleka makusanyo yake kwenye maonyesho

Sanduku la bati la marehemu babu lilikaa miaka mingi uvunguni mwa kitanda cha bibi, Kirumba, Mwanza. Babu alikuwa mfanyakazi wa meli za ziwani. Leo yuko Bukoba, kesho Mwanza, na kila alipokaa alimwandikia bibi. Nilipolifungua nikiwa kidato cha pili nilikuta mafungu ya bahasha yamefungwa kwa kamba ya katani. Nikachukua beseni, nikajaza maji ya uvuguvugu, nikakata pembe za bahasha zote zenye stempu na kuzilowesha. Jioni nilikuwa na stempu zaidi ya mia moja zinakauka juu ya gazeti. Bahasha zilizobaki niliziwashia jiko la mkaa.

Miaka ishirini baadaye nilimwonyesha mzee mmoja mkusanyaji albamu yangu. Alizipitia kurasa taratibu, kibano mkononi. Akauliza, "Hizi zilitoka kwenye barua za nani?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, barua umeichoma, umebaki na karatasi."

Ninaandika haya kwa sababu kila mwezi napata ujumbe kutoka kwa vijana wa Mwanza, Musoma na Bukoba wanaouliza ni stempu ngapi zinatosha ili mtu aingie kwenye maonyesho. Swali lenyewe ndilo linalotupotosha. Wengi tunaamini maonyesho ni mashindano ya wingi au ya bei. Mimi niliamini hivyo, nikapeleka fremu (mbao za kuonyeshea kurasa za stempu) zilizojaa stempu za nchi arobaini, zimepangwa kwa rangi na zinapendeza macho. Nilirudi na cheti cha ushiriki.

Baadaye nilipata kusoma jinsi majaji wanavyogawa alama. Kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la wakusanyaji, FIP, lililoanzishwa mwaka 1926, makusanyo ya kawaida ya stempu na ya historia ya posta, yaani jinsi barua zilivyosafiri, hupewa alama kati ya 100. Ujuzi na utafiti wako una 35. Namna ulivyoijenga hadithi na uzito wa mada yenyewe ni 30. Uadimu una 20, hali ya vitu 10, na upangaji wa kupendeza, ule niliokesha nao wiki tatu, una alama 5 tu! Medali ya dhahabu huanzia 90 na ya dhahabu kubwa 95. Soma tena hesabu hiyo. Tajiri anaweza kununua uadimu, lakini ujuzi hauuzwi mnadani, na ndio wenye alama nyingi kuliko kipengele kingine chochote. Kwa mtu wa kipato cha mwalimu kama mimi, hii ilikuwa habari njema kuliko zote.

Kwa hiyo anza na unachokijua kwa macho yako. Sisi watu wa ziwa tuna utajiri ambao hatuuoni. Chukua stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika za mwaka 1935. Ya senti 5, nyeusi na kijani, ina mashua zenye matanga katika Ziwa Victoria. Ishike chini ya kioo cha kukuzia, utazame mashua ya kushoto. Kwenye stempu nyingine kamba imefika mpaka kwenye tanga, na nyingine imeishia hewani kabla ya kuligusa. Ni matoleo mawili tofauti ya mchoro mmoja, na wakusanyaji wa dunia nzima huyatenganisha. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilimwita jirani yangu, mvuvi kutoka Ukerewe, nikampa kioo. Alitazama kwa sekunde chache tu, akasema, "Hii ya pili haifiki." Hakuna aliyemfundisha mambo ya stempu, ila kamba na tanga anavijua. Jicho la namna hiyo ndilo linalojaza zile alama 35.

Au chukua toleo la mwaka 1969 la vyombo vya majini, lililotolewa kwa nchi zote tatu. Ndani yake wamo MV Umoja na MV Victoria, ile ile ambayo baada ya kukarabatiwa inaendelea kutupeleka Bukoba. Stempu hizo peke yake si ghali. Lakini bahasha iliyosafiri kati ya Mwanza na Bukoba, ina stempu ya MV Victoria na muhuri wa posta unaosomeka vizuri tarehe na mahali, ni ukurasa mzima wa maonyesho. Mimi nilikuwa nazo. Sijui zilikuwa ngapi, kwa sababu nilizichoma.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, utakutana na mihuri ya wakati wa Wajerumani inayouandika mji wetu "Muansa", kisha stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizopigwa chapa ya G.E.A. (German East Africa) baada ya Waingereza kuichukua nchi, kisha twiga wa Tanganyika wa mwaka 1922. Mji mmoja, na unaona tawala zikipishana kwenye pembe ya bahasha. Za Wajerumani zina bei, na za kughushi zipo, muhuri na chapa vilevile. Usinunue kitu cha bei bila kumwonyesha kwanza mtu anayejua.

Nashauri kila anayeanza aingie kwenye daraja la fremu moja. Ni kurasa 16 tu. Ukurasa wa kwanza ueleze mada, inaanzia wapi na inaishia wapi, na ahadi hiyo uitimize hadi ukurasa wa mwisho. Maelezo yawe mafupi. Jaji amesimama kwa miguu na ana fremu nyingine nyingi za kupitia. Usimwandikie historia ya nchi, mwandikie kile ambacho hicho kipande mbele yake kinathibitisha: nauli ya posta ilikuwa senti ngapi, barua ilipita njia gani, ilichukua siku ngapi kati ya muhuri wa kuondoka na wa kufika. Ukiwa na mada ya kurasa 16 na vitu vya kurasa 30, ondoa vilivyo dhaifu hata kama unavipenda. Hili linauma, lakini lifanye.

Hali ya hewa yetu nayo ina mambo yake. Masika, stempu zenye gundi hunatana zenyewe kwa zenyewe. Albamu zisimame wima rafuni, mbali na ukuta wa nje, zisilaliane. Usitumie mifuko ya plastiki ya dukani. Fungua kila wiki zipate hewa, na uangalie mchwa.

Kuhusu vyama, jiunge, hata kama ni kwa barua. East Africa Study Circle, chenye makao Uingereza, kinachunguza posta ya nchi zetu hizi. Inaniuma kwamba mihuri ya Mwanza inafahamika zaidi kwa watu ambao hawajawahi kuliona Jiwe la Bismarck, na dawa yake ni sisi kuandika. Chama cha wakusanyaji cha Royal Philatelic Society London kipo tangu 1869. Lipo pia daftari la heshima la wakusanyaji, Roll of Distinguished Philatelists, lililoanzishwa mwaka 1921, ambalo Mfalme George V alikuwa wa kwanza kulitia saini. Wanaoalikwa kusaini hupimwa kwa utafiti waliouchapisha na utumishi wao kwa wenzao, kuwa na albamu nene hakutoshi. Hata kwenye vikundi vyetu vidogo nimeona hivyo hivyo: anayeheshimiwa ni yule anayebeba fremu, anayemfundisha mtoto kushika kibano, anayempa mwenzake nakala ya ziada bila kudai malipo.

Mwaka jana binamu yangu alinipigia simu kutoka Bukoba. Walikuwa wanabomoa nyumba ya zamani ya ukoo, wakakuta kwenye dari bahasha tatu ambazo bibi alimjibu babu. Nilimwambia asizifungue, asizipanguse, aziweke katikati ya kitabu kikubwa. Nilipanda meli siku iliyofuata. Mbili zimeliwa na mchwa upande mmoja. Ya tatu ni nzima: MV Victoria, shilingi 1 na senti 30, muhuri wa Mwanza, na mwandiko wa bibi umeinamia kushoto kama alivyokuwa akiandika siku zote. Imekaa kwenye ukurasa wa 9 wa fremu yangu. Kurasa saba za mwisho bado ni tupu, na kama una sanduku la bati uvunguni, naomba ulifungue taratibu, beseni la maji likiwa mbali.