Wenzangu wamenizidi miaka, nitawaongoza aje?

SWALI: Habari yako Mwalimu. Mimi nafunza hisabati JSS, yaani sekondari ya chini, huku upande wa Ahero. Muhula huu mkuu wa shule amenipa niongoze walimu wa hisabati, wa primary na wa JSS pamoja maana tuko kompaundi moja. Tuko watano, na mmoja amekuwa kazini miaka 26. Tukikaa, mmoja anasahihisha madaftari, mwingine yuko kwa simu, tunaulizana silabasi imefika wapi halafu kengele inalia. Nikisema tutembeleane darasani wananiuliza kama hiyo ni TPAD ingine, ile tathmini ya kazi ya mwalimu. Nifanye nini? – Madam, Ahero

JIBU: Madam, hongera na pole, zote kwa pamoja, najua hiyo hali vizuri sana.

Shida yenu sio umri. Mnaongea silabasi, na kwa hiyo hakuna mtu ana kitu cha kusema isipokuwa nimefika, sijafika. Weka kazi ya mtoto mezani.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa shule moja hapa Nakuru, tukamwaga karatasi za mtihani kwa meza ya stafurumu. Swali ni 1/2 + 1/3. Karatasi baada ya karatasi, 2/5, 2/5, mtoto amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na si darasa moja, ni zote tatu, na langu ndilo lilikuwa mbaya zaidi. Nikawaambia hivyo, langu limeanguka kuliko yenu, nyinyi mlifunza aje? Kukawa kimya, halafu mama mmoja wa siku nyingi akararua karatasi ya daftari, akaikunja nusu, akaishika juu, akauliza, watoto walianza na hii, wakaongeza kitu, sasa wamepata 2/5 ambayo ni ndogo kuliko hii nusu yenyewe, kuna mtu aliwauliza kama inawezekana? Mimi sikuwa nimewauliza, miaka yote hiyo.

Tukapanga somo moja pamoja, yule mama akalifunza, sisi tukakaa karibu na watoto, kila mtu na wake watatu, tukiangalia penseli zao zinakwama wapi. Hatukumwangalia mwalimu. Hii njia ina mizizi Japani, na walimu wa sekondari waliopitia SMASSE, yale mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi yaliyoanza 1998 kwa msaada wa Wajapani, watakukumbusha yale maneno, panga, fanya, angalia, boresha.

Sasa hiyo TPAD. Ina siku yake na fomu yake, usiichanganye na hii hata kidogo. Ukiingia kwa mtu na fomu mkononi wewe ni mkaguzi, hata ucheke namna gani. Waalike kwanza kwa darasa lako, tena kwa ile topiki inakusumbua, na umwombe mkuu aseme mwenyewe mbele ya wote kwamba mtakayoona huko hayafiki ofisini kwake.

Richard DuFour, aliyewahi kuwa mkuu wa Adlai Stevenson High School kule Illinois, Marekani, alikuwa anataka timu ya walimu ijiulize maswali manne: tunataka mtoto ajue nini, tutajuaje amejua, tutafanya nini asipojua, na yule anajua tayari je? Nyinyi shikeni la tatu kwanza, hapo ndio wengi wetu tunaangukia kwa sababu tukishatoa maksi tunarukia topiki inayofuata.

Na muda, omba dakika 40 ndani ya taimtebo, si saa kumi jioni watu wakikimbilia matatu za Kondele.

Lakini wiki ya kwanza usiite mkutano wowote. Chai ya saa nne, enda kwa huyo wa miaka 26 na karatasi tano za darasa lako, zile mbaya, umuulize, mwalimu, hawa wewe ungewaanzia wapi? Halafu nyamaza umsikize mpaka amalize.