Simu ikiibwa, bitcoin inaenda nayo?

Dada hapana, hela haikai kwenye simu, iko kwenye daftari la wote huko mtandaoni, simu imebeba ufunguo tu. Kama uliweka pini, chukua simu nyingine, ingiza yale maneno 12 au 24 uliyopewa siku unafungua waleti (ile app inayotunza ufunguo), ufunguo unarudi na hela hiyo hapo, ihamishe waleti mpya haraka kabla mwizi hajaifungua. Ila uwe umeyaandika kwa kalamu kwenye karatasi, sio skrinishoti jamani, picha zinapanda zenyewe mtandaoni na imeili ikidukuliwa basi! Anayekuomba hayo maneno inboksi eti akusaidie ni tapeli, mbloku. Na usiri sio kihivyo, kila muamala tangu Januari 2009 unaonekana, jina tu ndo halipo.